Sheria kali, sheria ndogo ya shehia, au kisiwa cha mkataba: tuwalinde vipi paa nunga, kasa na kima punju?

Barazani kwetu, baada ya sala ya alasiri, mjadala huu hauishi. Mmoja husema mtu akikutwa na paa nunga, yule paa mdogo wa msituni aliye hatarini kutoweka, afungwe miaka, wenzake washike adabu. Wa pili husema Serikali ipo mjini na msitu upo huku, basi tupewe wenyewe. Wa tatu, aliyewahi kufanya kazi hotelini, husema mleteni mwekezaji aweke walinzi, mambo yataisha. Kila mmoja ana mfano wake wa kweli, na ndiyo maana hakuna anayeshinda.

Mimi ni katibu wa kamati ya hifadhi katika shehia moja (eneo dogo la utawala chini ya sheha) ya kusini Unguja, kwa hiyo muhtasari wa mabishano hayo naandika mimi. Kamati za shehia nyengine, Unguja na Pemba, zikiitwa kutoa maoni juu ya sheria hukwama pale pale: tuombe nini hasa? Kwa ajili yao nimeziweka njia tatu ubavu kwa ubavu. Nina upendeleo wangu, na msomaji makini ataugundua, lakini nimejitahidi kila njia niipe haki yake.

Kwanza, mamlaka ni ya nani

Misitu na wanyamapori si mambo ya Muungano. Sheria ya wanyamapori ya Bara ya 2009 haivuki mkondo kuja kwetu. Huku tunasimamia Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996, Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya 2010 na Sheria ya Mazingira Namba 3 ya 2015, zote zilizopitishwa na Baraza letu la Wawakilishi. Upo pia mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Tanzania imo tangu 1979. Huo unahusu mzigo unaovuka mpaka. Unaweza kumnasa mtu uwanja wa ndege na gamba la ng'amba, aina ya kasa, ndani ya sanduku, lakini haumgusi anayechinja kasa nyuma ya nyumba yake.

Mfano wa ufa huo ni jongoo bahari. Kwa miaka mingi Bara walipiga marufuku kumvuna, na Zanzibar biashara ikaendelea. Mtu hahitaji akili nyingi kukisia majongoo ya upande wa pili yalikuwa yakielekea wapi. Kwa hiyo kamati ikisema "sheria ibadilishwe", iseme ni sheria ipi, ya upande upi wa bahari.

Mizani tunayopimia

Kila njia nimeipima kwa maswali matano. La kwanza ndilo zito kuliko mengine: kinachomuua mnyama huyu ni nini? Bunduki, mbwa na wavu, panga la mkata kuni, gari, au mwanga wa hoteli ufukweni? Watu huruka hapa na kukimbilia adhabu. La pili, nani atamkamata mkosaji na nani ataipeleka kesi mpaka mwisho. La tatu, mzigo wa ulinzi unabebwa na nani, maana kima akila shamba hali shamba la mkurugenzi. La nne ni muda. La tano, siku fedha za mradi zikikatika, kinabaki nini.

Njia ya kwanza: kuitia makali sheria kuu

Hapa mswada unapelekwa Barazani, au Waziri anatunga kanuni chini ya sheria iliyopo: orodha ya viumbe wanaolindwa inaongezwa, adhabu inapandishwa, mahali panatangazwa hifadhi. Jozani na Ghuba ya Chwaka zilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, karibu kilomita za mraba 50, na mwaka 2016 UNESCO ikaitambua Jozani kuwa hifadhi hai.

*Kinachoua.* Sheria kuu ina nguvu pale muuaji anapokuwa mtu wa mbali au mtu mkubwa: msasi anayetoka mjini na kundi la mbwa, mwenye jarife, ule wavu mkubwa, anayevua shehia tano, mjenzi anayetaka kufyeka maweni, yaani msitu mfupi wa juu ya mawe ya matumbawe, ajenge vyumba. Hao sheha hawawezi. Lakini makali peke yake yana mpaka. Paa nunga wa Unguja walikadiriwa 5,000 mwaka 1983 na hesabu ya 1999 ikapata kama 600. Sheria ya 1996 ilikuwa bado changa, ni kweli, ila wasasi walikuwa wazoefu wa zamani na msitu ulikuwa ukigeuka mkaa.

Na chui wetu je? Watu waliamini kuna chui wanaofugwa na wachawi, wakitumwa kudhuru jirani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja kampeni ya kuwasaka chui na wachawi kwa pamoja. Leo chui wa Unguja amebaki ngozi za makumbusho na hadithi za "nilimuona kwa macho yangu". Mnyama ambaye kijiji kizima kinamhesabu adui, sijui ni kifungu gani kingemuokoa.

Kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja, anachanganya zaidi. Yeye haliwi, kwa sababu ya dini, na jina lenyewe linamtangaza kuwa ana sumu. Wamehesabiwa zaidi ya 5,800, wote ni wa Unguja isipokuwa kikundi kidogo kilichopelekwa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970. Adui zake wakubwa ni kufyekwa kwa msitu na gari. Barabara ya kusini inapita Jozani katikati ya malisho yake, na kilichopunguza vifo pale ni matuta ya barabarani. Hayakuvimaliza, lakini yamevipunguza. Matuta yale hayamo kwenye sheria yoyote ya wanyama, na kwa maoni yangu yamemsaidia kima kuliko nusu ya vifungu vyetu.

*Nani anakamata.* Hapa ndipo sheria kuu inapovuja. Maafisa wa misitu ni wachache, polisi wana mengi. Niliwahi kukaa mahakamani, siitaji ipi, nikingojea kesi ya nyama ya paa. Nyama ilioza kabla shauri halijatajwa mara ya pili. Hakuna aliyeipiga picha, hakuna aliyeandika ni paa gani. Paa nunga akiwa mzima hukosi kumtambua kwa ule mkanda mweupe wa matakoni, lakini akishachunwa, kwa asiyemjua ni nyama tu kama paa wa kawaida. Mshitakiwa akarudi nyumbani, tukapanda naye gari moja.

Kwa hiyo ukiichagua njia hii, usiombe miaka zaidi ya kifungo. Omba mahakama ikubali picha na fomu ya afisa badala ya nyama yenyewe. Omba chombo, mbwa na nyavu zichukuliwe, kwa sababu msasi anaogopa kupoteza mbwa wake kuliko kupoteza jina lake. Omba pia faini isiandikwe kwa shilingi kamili ndani ya sheria, ifungwe kwenye kanuni inayoweza kupandishwa. Faini ya mwaka 1996 iliyotisha wakati ule, leo mtu anailipa kwa mauzo ya siku moja.

*Nani anabeba mzigo.* Mkulima wa pembezoni. Pale Pete, kando ya Jozani, na vijiji vya jirani kima hushuka mashambani, hula majani ya miembe na mikungu, kisha huenda kuokota mkaa kwenye matanuri wakautafuna, unaowasaidia kupunguza makali ya majani hayo. Watalii hufurahi sana. Mwenye shamba hafurahi, hasa akiona vidaka vya nazi chini. Watafiti walipopima mwishoni mwa miaka ya 1990, wakakuta minazi iliyoliwa vidaka na kima haikuzaa pungufu; ilizaa zaidi, kama iliyopogolewa. Mwambie hayo mkulima uone atakavyokutazama! Kilichotuliza roho kidogo ni mgao: sehemu ya viingilio vya Jozani huenda kwenye shughuli za vijiji na kwa wakulima ambao mashamba yao ndiyo malisho. Mgao huo ukiwa ni hisani ya utaratibu wa ofisi, unaweza kuchelewa. Ukiandikwa ndani ya kanuni, kwa asilimia na tarehe, mkulima ana haki ya kudai. Hilo ndilo badiliko la sheria ninaloliombea dua.

*Muda na fedha.* Mswada huchukua miaka; kanuni za Waziri ni nyepesi zaidi. Fedha zikikatika, sheria inabaki na doria inasimama. Karatasi ni nzuri kwa kungojea, siyo kwa kulinda.

*Inamfaa nani.* Shehia yenye adui wa nje, kiumbe kinachouzwa kwa bei, au ardhi inayonyemelewa na ujenzi.

Njia ya pili: sheria ndogo na mkataba wa shehia

Sheria ya 1996 inaruhusu jamii kuingia mkataba na Idara ya Misitu: mnachora mpaka, mnaandika mpango, mnatunga sheria ndogo, kamati inasimamia. Mradi wa HIMA, wa misitu ya jamii kwa matumaini ya kulipwa fedha za kaboni, kati ya 2010 na 2014, uliifikisha njia hii kwenye shehia nyingi za Unguja na Pemba. Baharini mambo yanafanana: kamati za wavuvi za shehia, mikutano ya dikoni (pale vyombo vinapotua na samaki), kufunga na kufungua mwamba.

*Kinachoua.* Njia hii inafaa muuaji akiwa ni sisi wenyewe: mkata kuni, mchoma mkaa, mtega paa wa kijijini, mchimba chaza. Anajulikana kwa jina, na jina la baba yake. Popo wa Pemba ndiye shahidi wangu. Yule popo mkubwa mla matunda hayupo kokote duniani ila Pemba. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliwindwa kwa bunduki na nyavu, na miti yake ikakatwa, mpaka wataalamu wakamweka daraja la walio ukingoni kabisa. Vikaundwa vikundi vya vijiji karibu na matulio, Kidike ikiwa maarufu zaidi. Vijana wakahesabu, wakafundisha skuli, wakaweka kiingilio kwa wageni. Hesabu za baadaye zikapita 20,000, na mwaka 2008 popo akashushwa daraja mbili za hatari. Hakuna jela iliyojazwa kwa ajili hiyo.

*Nani anakamata.* Jirani. Hii ni neema na ni mtihani. Neema kwa sababu jirani anaona saa saba usiku, wakati afisa amelala mjini. Mtihani kwa sababu utamshitaki vipi mjomba wako aliyekulipia mahari? Kamati yetu ina kesi tatu zilizokufa kwa heshima za ukoo, na mbili kati ya hizo nimeziandika mimi kwa mkono wangu: "Amesamehewa."

Mpaka nao ni tatizo. Sheria ndogo inaishia pale shehia inapoishia. Wavuvi wa dago, wale wanaohama na kupiga kambi, wanakuja kutoka kisiwa kingine, wana chombo chao na nahodha wao, na hawajawahi kukaa kwenye mkutano wetu. Ukiwaonesha karatasi isiyo na muhuri wa halmashauri au wa Idara, wanaisoma, wanaikunja, wanaendelea kuvua. Sheria ndogo isiyosajiliwa ni barua tu. Nimeona shehia zimeishika barua hiyo miaka kadhaa zikidhani zina sheria.

*Nani anabeba mzigo.* Hapa tuwe wakweli: mara nyingi ni wanawake. Mwamba ukifungwa, anayekosa kitoweo kwanza ni yule anayekwenda kwa miguu maji yakitoka, siyo mwenye ngalawa na mshipi anayeweza kuhamia mbele. Kikao kinachofunga mwamba wanaume watupu, wanawake wakaambiwa siku ya pili, kitavunjwa na wanawake wiki ya tatu, na sitowalaumu. Mkataba ulio mzuri unataja ni maeneo gani yanabaki wazi kwa wachokoaji.

*Muda.* Miezi kadhaa ikiwa watu wanaelewana. Na matokeo yakionekana haraka, njia inajiendesha. Kisiwa Panza, Pemba, wamezoea kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu hivi ili pweza wakue, na siku ya kufungua watu wote wako pwani. Pweza hulipa ndani ya msimu.

Kasa halipi hivyo, anachukua miongo kukomaa. Siandiki hili kuwasema watu wa Panza, maana msiba wao ungeweza kuwa wa diko lolote. Machi 2024, kisiwani hapo hapo, nyama ya kasa iliua watoto wanane na mtu mzima mmoja, na watu 78 wakapelekwa hospitali. Mwaka 2021 Pemba ilikwishawazika saba kwa sababu hiyo hiyo. Sumu ile kasa huipata katika anachokula, na chungu hakiiondoi hata ukipika kutwa. Marufuku ya kumla kasa ilikuwepo. Tunaolinda tulikuwa tumezungumza miaka yote juu ya faini, juu ya kasa kubaki wachache, lakini habari ya sumu tuliisema kwa sauti ndogo. Kwenye sheria ndogo yoyote ya kasa, kifungu cha kwanza kwangu mimi sasa ni cha afya: nani anawaambia kina mama, lini, na kwa maneno gani.

*Siku fedha zikikatika.* Fedha za kaboni, yaani malipo ya kuuacha msitu usimame, zilizosubiriwa na shehia nyingi hazikuja kwa kasi ya matumaini, na kamati kadhaa zikalala. Zilizobaki macho ni zile zilizokuwa na faida yao ndogo ya kila mwezi: mizinga ya nyuki, kiingilio, pweza. Doria ya kujitolea inadumu miaka miwili. Baada ya hapo mtu anauliza viatu.

*Inamfaa nani.* Shehia yenye mshikamano, mpaka unaoeleweka, na kiumbe ambacho faida yake mtu mzima anaweza kuiona kabla hajazeeka.

Njia ya tatu: hifadhi ya mkataba na mwendeshaji binafsi

Mfano ni mmoja na unajulikana dunia nzima: Chumbe. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa magharibi wa kisiwa hicho kuwa hifadhi, na uendeshaji ukakabidhiwa kampuni iliyoanzishwa na Sibylle Riedmiller, Mjerumani. Panya wakaondolewa, yakajengwa mabanda saba ya wageni, na mapato ya wageni ndiyo yanayolipa walinzi na safari za wanafunzi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakapelekwa huko paa nunga wachache. Kaa wa nazi, anayeliwa au kugeuzwa chambo kwengine, pale anatembea usiku kama mwenye nyumba.

*Kinachoua.* Kwenye kisiwa kidogo kisicho na wakaazi, karibu kila kitu kinachoua kinazuilika: mbwa hawapo, barabara hakuna, mgeni anahesabiwa akishuka. Ila hekta 22 ni hekta 22. Hapo unaweza kuweka akiba ya paa nunga, huwezi kuokoa paa nunga wote. Msitu wa maweni wenye vijiji kumi kuuzunguka hauwezi kuwekewa mlango.

*Nani anakamata.* Walinzi wa Chumbe wengi walikuwa wavuvi, na hawana bunduki. Wanafuata ngalawa, wanazungumza, wanaandika daftarini. Wanalipwa kila mwezi, ndiyo siri yenyewe. Mkosaji mkaidi, hata hivyo, bado anarudi mikononi mwa sheria kuu, kwa hiyo njia hii haijajitegemea kama matangazo yanavyodai.

*Nani anabeba mzigo.* Hapa Chumbe ilikuwa na bahati ambayo wanaoinakili huisahau. Mwamba ule haukuwa ukivuliwa sana hata kabla ya 1994, kwa hiyo waliopoteza walikuwa wachache. Leo ukichukua ufukwe ambao kijiji kinauishi, wenye mwani, diko na makaburi, ukampa mwekezaji kwa jina la uhifadhi, hiyo si Chumbe tena. Nimekaa kikao ambacho kampuni moja, haina haja ya jina, ilileta ramani ya "hifadhi ya kasa" na njia ya kwenda pwani imo ndani ya hifadhi. Wazee walisoma ramani ile mara moja wakaagiza chai.

Fedha ya mtalii hubadilisha macho ya watu, siikatai. Kizimkazi, kabla ya wageni kuanza kuja kutazama pomboo miaka ya mwanzo ya 1990, pomboo alikuwa chambo cha papa. Siku hizi ni mtaji. Lakini nenda asubuhi ya msimu uone boti zinavyomfukuza mtaji huyo.

*Muda na fedha.* Majadiliano ya mkataba ni marefu, na leseni zinapita ofisi nyingi. Kisha utegemezi: mwaka 2020 ndege ziliposimama, kila hifadhi inayoishi kwa vitanda vya wageni ilipata homa. Ukiandika mkataba, andika mfuko wa akiba wa angalau mwaka mmoja wa mishahara ya walinzi, na andika ardhi na mwamba vinarudi kwa nani kampuni ikifilisika.

*Inamfaa nani.* Kisiwa kidogo au mwamba ulio mbali na makaazi, wenye kiumbe anayeweza kumaliza maisha yake ndani ya mpaka huo.

Lisiloingia kwenye mizani

Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kina hadithi ya Nabii Hadhara aliyekifanya msala wake kikiwa kimeelekea kibla. Wavuvi wameiheshimu Misali kwa hadithi hiyo tangu zamani, na kilipotangazwa hifadhi mwaka 1998 wakaongezewa mafunzo ya uhifadhi kwa mujibu wa Qur'ani, yaliyofundishwa na mashekhe. Wapo waliopuuza askari na hawakupuuza khutba. Siiweki kama njia ya nne kwa sababu huwezi kuipitisha Barazani, wala huwezi kuiazima: khutba ya mtu aliyeletwa na mradi inasikika kama ya mradi. Lakini kamati isiyokwenda kwa imamu kabla ya kwenda kwa mwanasheria inajipunguzia.

Ukiwa hivi, anzia hapa

Kama shehia yako ina *paa nunga* na wasasi wanatoka nje, anza na sheria kuu, na maombi yako yawe ya ushahidi na kunyang'anya mbwa na nyavu. Kama wategaji ni wa nyumbani, mkataba wa msitu kwanza, sheria kuu ibaki kama fimbo ya mlangoni. Wakiwa wa aina zote mbili, kama kwetu, fanyeni mkataba na mwombe kifungu kinachompa mjumbe wa kamati haki ya kumshikilia mgeni mpaka afisa afike. Mpatieni kitambulisho, vyenginevyo atashitakiwa yeye.

Kama ni *kasa anayetaga* kwenye ufukwe wa hoteli, tatizo ni taa na viti, na hapo kanuni za mazingira na masharti ya kibali cha ujenzi yanafanya kazi kuliko sheria ya uvuvi. Kama ni *kasa anayenaswa na jarife*, sheria ya uvuvi. Kama ni kasa anayeliwa, niliyasema juu.

*Kima barabarani*: nendeni wizara ya barabara na barua ya matuta, msipoteze muda kwengine. *Kima shambani*: mgao ulioandikwa kwenye kanuni.

*Popo, njiwa wa Pemba, bundi wa Ngezi*, viumbe wanaotaka miti mikubwa ibaki imesimama: shehia inatosha, hasa miti ikiwa karibu na makaburi ambayo watu tayari hawayagusi. Hapo sheria ndogo inaandika tu kile ambacho watu wanakifanya.

*Jongoo bahari na gamba la ng'amba*, vitu vya kusafirishwa: hakuna sheria ya shehia itakayofika bandarini. Tangu 2020 aina kadhaa za jongoo zimo kwenye mkataba wa kimataifa, na kinachotakiwa ni kanuni za Zanzibar na za Bara zisomeke sawa.

*Kisiwa kitupu au mwamba wa mbali*: mkataba unaweza kufaa, lakini ulizeni kwanza nani anavua pale mwezi wa kusi, siyo nani anavua pale siku ya ziara.

Na kama hamjui ni nini kinachowaua, msichague bado. Kamati yetu ilianza na daftari la skuli la kurasa 64, tarehe, mahali, mnyama, amekufa vipi. Tulidhani tutaandika wasasi tupu. Ukurasa wa kwanza ulipojaa, mistari kumi na moja ilikuwa gari, minne mbwa wasio na mwenyewe, na mmoja, kwa hati ya mzee wetu wa zamu, "sijui, lakini msitu umelimwa".